Wote, Mwingi na Hukumu ya Kichujio: Mchango wa Isimu ya Kiswahili katika Kuokoa Barua Pepe Halali

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi kanuni za vichujio vya barua taka zinavyoweza kuzuia barua pepe halali zilizoandikwa kwa Kiswahili, na jinsi kanuni hizo zinavyoweza kurekebishwa ili kosa hilo lipungue. Mifano mingi inatokana na mazingira ya kaunti za Kitui na Makueni, ambako majina ya miji miwili, Mwingi na Wote, yanaendelezwa sawasawa na maneno ya kawaida ya Kiswahili sanifu. Hoja kuu ni kwamba kosa la kuzuia barua halali haliwezi kuachiwa mafundi wa tarakilishi peke yao. Kwa kiasi kikubwa ni kosa la kiisimu, kwa kuwa kichujio huhukumu umbo la neno bila kujali mofolojia, upatanisho wa kisarufi wala muktadha. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza hatua ambazo msimamizi wa seva na mwanafunzi wa Kiswahili wanaweza kuzichukua kwa ushirikiano.

1.0 Utangulizi

Barua taka ni ujumbe unaopelekewa watu wengi bila wao kuuomba, aghalabu kwa nia ya kuuza bidhaa au kulaghai. Historia yake ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mnamo mwaka wa 1978, Gary Thuerk, aliyekuwa mwuzaji katika kampuni ya tarakilishi ya DEC nchini Marekani, aliwatumia mamia ya watumiaji wa mtandao wa ARPANET tangazo moja la bidhaa. Tukio hilo ndilo linalotajwa mara nyingi kuwa mwanzo wa barua taka. Tangu hapo tatizo limekua, na vichujio vikabuniwa ili kulikabili.

Kazi ya kichujio inafanana na ile ya mkulima wa Kitui anayepepeta pojo kwa ungo. Anataka makapi yapeperuke na punje zibaki. Upepo ukiwa hafifu, makapi hubaki pamoja na punje. Ukiwa mkali, punje nazo huenda na makapi. Vivyo hivyo, kichujio kinaweza kufanya makosa ya aina mbili. La kwanza ni kuipitisha barua taka, nalo katika makala haya litaitwa kosa la kuachilia. La pili ni kuihukumu barua halali kuwa taka, nalo litaitwa kosa la kuonea. Wanatakwimu huliita kosa hili la pili chanya ya uongo.

Makosa haya mawili hayalingani uzito. Kosa la kuachilia hujitangaza lenyewe: mpokeaji huiona barua taka, hukereka, kisha huifuta. Kosa la kuonea hukaa kimya. Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa Makueni aliyeomba ufadhili wa masomo. Barua ya kumwita kwenye mahojiano ikitupwa katika kikasha cha taka, mwanafunzi ataamini kwamba hakuteuliwa, na mfadhili naye ataamini kwamba mwanafunzi hana haja. Hakuna kati yao atakayejua kilichotokea. Katika huduma ya Gmail, ujumbe uliokaa katika kikasha cha taka kwa zaidi ya siku 30 hufutwa wenyewe. Hivyo basi, hata ushahidi wa dhuluma hiyo haudumu.

2.0 Jinsi kichujio kinavyohukumu

Kabla ya kujadili makosa, ni muhimu kueleza kwa muhtasari njia mbili ambazo vichujio vimezitumia kwa miaka mingi. Huduma kubwa za kibiashara sasa zina mbinu nyingine za ujifunzaji wa mashine, lakini misingi hii miwili ingali inafaa kueleza tatizo, na ingali inatumika katika seva nyingi za taasisi.

2.1 Kanuni na alama

Njia ya kwanza ni ya kanuni zinazotoa alama. Mfano maarufu ni programu ya SpamAssassin, iliyoanzishwa na Justin Mason mwaka wa 2001. Kila kanuni huchunguza sifa moja ya barua: neno fulani, mfuatano wa herufi, tarehe au anwani ya mtumaji. Sifa hiyo ikipatikana, barua hupewa alama. Baadhi ya kanuni huongeza alama na nyingine huzipunguza. Jumla ikifikia kizingiti, ambacho kwa kawaida huwekwa kuwa 5, barua huhesabiwa kuwa taka.

Ubora wa njia hii ni uwazi wake. Msimamizi anaweza kusoma orodha ya kanuni zilizoihukumu barua na kuona kila moja ilichangia alama ngapi. Udhaifu wake ni kwamba kanuni huandikwa na binadamu kwa kuzingatia wakati na lugha yake. Kielelezo cha wazi kilijitokeza tarehe 1 Januari 2010. SpamAssassin ilikuwa na kanuni iliyoitwa FH_DATE_PAST_20XX, iliyokusudiwa kuzinasa barua zenye tarehe ya mbali sana katika siku zijazo. Aliyeiandika alichukulia kwamba mwaka wowote kuanzia 2010 ulikuwa mbali. Mwaka huo ulipoingia, barua halali zilizotumwa siku hiyo zilianza kuongezewa alama kwa sababu tu zilikuwa na tarehe sahihi. Kanuni ilirekebishwa upesi, lakini funzo lake lilibaki: kanuni iliyo sawa katika mazingira yake ya awali huweza kuonea pindi mazingira yanapobadilika. Ikiwa mpito wa mwaka mmoja ulitosha kuipotosha kanuni, mpito kutoka lugha moja hadi nyingine unaweza kuleta upotovu mkubwa zaidi.

2.2 Uwezekano wa maneno

Njia ya pili ni ya uwezekano. Agosti 2002, Paul Graham alichapisha insha iliyoieneza njia hii kwa watayarishaji wengi wa programu. Badala ya mtu kuandika kanuni, kichujio hupewa fungu la barua halali na fungu la barua taka, kikahesabu kila neno linajitokeza mara ngapi katika kila fungu. Barua mpya inapofika, kichujio huteua maneno 15 yenye ushahidi mzito zaidi, kisha hukadiria uwezekano wa barua nzima kuwa taka.

Mambo mawili katika kazi ya Graham yana umuhimu wa pekee kwa mjadala huu. Kwanza, alizidisha kwa 2 idadi ya kila neno katika fungu la barua halali. Alifanya hivyo kwa makusudi, ili kichujio kiegemee upande wa kuachilia kuliko ule wa kuonea. Pili, kichujio chake cha mwanzo hakikutofautisha herufi kubwa na ndogo. Katika maboresho aliyoyaeleza Januari 2003, tofauti hiyo ilihifadhiwa, na neno lililo katika kichwa cha barua likahesabiwa mbali na neno hilohilo likiwa katika mwili wa barua. Kama itakavyodhihirika, kwa mwandishi wa barua aliyeko Wote au Mwingi, jambo hili dogo lina uzito mkubwa.

3.0 Vyanzo vya kosa la kuonea katika Kiswahili

3.1 Mfuatano wa herufi usio neno

Kosa kongwe zaidi ni la kutafuta mfuatano wa herufi popote unapojitokeza. Mwaka wa 1996, wakazi wa mji wa Scunthorpe nchini Uingereza walikataliwa kujisajili katika huduma ya AOL kwa kuwa ndani ya jina la mji wao mna herufi nne zinazounda tusi la Kiingereza. Kuanzia hapo, kosa la namna hii limekuwa likiitwa kwa jina la mji huo.

Kiswahili, kwa kuwa ni lugha ambishi bainishi, kiko hatarini zaidi. Neno moja la Kiswahili hubeba viambishi vingi, na pale viambishi vinapokutana na mizizi, mifuatano ya herufi isiyokusudiwa huzaliwa. Tuchukue mfano wa msimamizi anayetaka kuzuia ulaghai wa kuwaomba watu pesa, naye akaandika kanuni ya kunasa mfuatano "tuma". Kanuni hiyo itanasa maneno yafuatayo:

(a) tumaini, matumaini, tunatumai;
(b) tumalize, ambapo "tu-" ni kiambishi cha nafsi na "ma-" ni mwanzo wa mzizi "-maliz-";
(c) hatumaanishi, ambapo "-tu-" ya nafsi imekutana na mzizi "-maanish-".

Hakuna hata neno moja kati ya hayo lenye uhusiano na kutuma pesa. Barua ya mwalimu inayosema "tumalize kusahihisha insha kabla ya Ijumaa, tunatumai mtashirikiana" ingenaswa mara mbili. Kwa upande mwingine, mlaghai anayeandika "nitumie pesa kupitia namba hii" angepita salama, kwa kuwa kauli ya kutendea imebadilisha "tuma" kuwa "tumie". Kanuni hiyo inaonea na kuachilia kwa wakati mmoja. Hilo ni dhihirisho kwamba tatizo halitatuliwi kwa kupandisha au kushusha alama za kanuni. Kinachotakiwa ni kanuni yenyewe kuandikwa upya kwa kuzingatia mofolojia.

3.2 Majina ya mahali yaliyo pia maneno: Mwingi na Wote

Mwingi ni mji ulio katika Kaunti ya Kitui. Wote ni makao makuu ya Kaunti ya Makueni. Majina yote mawili yanaendelezwa kama maumbo ya kawaida ya kisarufi: "mwingi" ni kivumishi cha idadi katika ngeli kama vile U-I ("mchanga mwingi") na U ("utajiri mwingi"), nalo "wote" hutumika katika ngeli ya A-WA ("wakulima wote"). Wasomaji hawapati tabu kutofautisha. Kichujio hupata tabu.

Sababu ni kwamba maneno haya mawili hukaa kwa urahisi katika lugha ya ulaghai. Ahadi ya "utajiri mwingi" na mwaliko wa "kwa wateja wetu wote" ni miundo inayotarajiwa katika barua taka za Kiswahili. Kichujio kilichojifunza kutokana na barua za namna hiyo kitayapa maneno "mwingi" na "wote" uwezekano mkubwa wa kuwa dalili za taka. Kikipokea barua yenye kichwa "Bei ya asali ya Mwingi" au "Mkutano wa wakulima wa maembe wa Wote", kisha kikageuza herufi zote kuwa ndogo kabla ya kuhesabu, kitasoma "asali ya mwingi" na "wakulima wa maembe wa wote". Barua za ofisi, ushirika au shule za miji hii zinataja jina la mji karibu kila mara: katika kichwa, katika anwani na katika sahihi. Kwa hivyo hatari haiji mara moja moja. Inaandamana na kila barua.

Je, sarufi inatoa vigezo gani vya kutofautisha? Vinne vinafaa kutajwa.

Kigezo cha kwanza ni cha kiunganifu "-a". Kivumishi "mwingi" hufuata nomino moja kwa moja: "utajiri mwingi". Jina la mji hutanguliwa na kiunganifu: "asali ya Mwingi", "soko la Mwingi". Hivyo, "mwingi" baada ya "ya", "wa", "la" au "za" karibu kila mara ni mji. Kigezo hiki hakikosi kighairi chake: katika matumizi ya kidini husemwa "kwa jina la Mwingi wa rehema". Kanuni nzuri itachunguza pia kinachofuata, ili "Mwingi wa rehema" usichukuliwe kuwa mji.

Hata hivyo, kigezo hicho hakifai kwa "Wote". Neno "wote" huweza kusimama peke yake kama kiwakilishi na kutanguliwa na kiunganifu au kihusishi: "haki ya wote", "elimu kwa wote". Hapa ndipo kanuni iliyofaulu kwa mji mmoja inaposhindwa kwa mwingine, japo kwa mtazamo wa fundi majina haya mawili yana tatizo moja.

Kigezo cha pili ni upatanisho wa ngeli ya mahali. "Wote wamefika" inahusu watu. "Wote kumenyesha" inahusu mji. Kitenzi kinachofuata kikianza na kiambishi "ku-" au "pa-" cha mahali, jina la mji limethibitika. "Mwingi kuna soko kubwa" haina utata wowote kwa kichujio kinachotazama neno moja mbele.

Kigezo cha tatu ni maneno jirani. "Mjini Wote", "kutoka Wote", "Wote, Makueni" na "Mwingi, Kitui" ni miundo ya mahali. Kichujio kikihesabu jozi za maneno badala ya neno mojamoja, jozi hizi zitajipambanua zenyewe bila ya mtu kuandika kanuni.

Kigezo cha nne ni herufi kubwa. Kigezo hiki ni rahisi, lakini hakitoshi peke yake, kwa sababu "Wote mnakaribishwa" nayo huanza kwa herufi kubwa. Aidha, waandishi wengi wa ujumbe wa rununu hawajali herufi kubwa. Inafaa kiongezwe kwenye vigezo vingine, kisichukue nafasi yao.

3.3 Neno lenye maana zaidi ya moja

Mwanaisimu J. R. Firth alisisitiza kwamba maana ya neno haiwezi kutenganishwa na maneno yanayoandamana nalo. Kitenzi "shinda" ni kielelezo kizuri. "Umeshinda zawadi" ni sauti ya mlaghai. "Ameshinda shambani" ni kukaa siku nzima. "Ameshindwa kulipa karo" ni kilio cha mzazi, na "mashindano ya tamthilia" ni shughuli ya shule. Kanuni inayonasa mzizi "-shind-" itazikusanya barua hizi nne katika kapu moja. Hali kadhalika, maneno "zawadi", "bahati" na "baraka" ni chambo za walaghai, lakini pia ni majina ya watu. Mtu aitwaye Zawadi hawezi kuombwa abadilishe jina ili barua zake zifike.

Hatari ya kuorodhesha maneno nje ya muktadha ilijitokeza pia nje ya uwanja wa barua pepe. Aprili 2022, kabla ya uchaguzi mkuu wa Agosti, Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano ya Kenya ilitangaza orodha ya maneno ambayo yangeweza kutumiwa kuchochea chuki. Miongoni mwake mlikuwa na "madoadoa" na "kwekwe". Wasiwasi wa Tume ulikuwa na msingi katika historia: neno "madoadoa" lilihusishwa na uchochezi dhidi ya jamii zilizoonekana kuwa za kigeni katika Bonde la Ufa wakati wa ghasia za miaka ya 1990. Orodha hiyo ilihusu matumizi ya kisiasa. Hata hivyo, ikichukuliwa na mtu na kugeuzwa kanuni ya kichujio, bila ya kubainisha muktadha, wa kwanza kuonewa atakuwa mkulima. Katika Kitui na Makueni, kwekwe ni magugu yanayomsumbua mkulima wa pojo na kunde, na madoadoa ni dalili ya ugonjwa kwenye majani ya mmea. Barua kwa afisa wa kilimo isemayo "majani yana madoadoa na kwekwe imezidi" ni ombi la msaada. Kichujio kingeisoma kama uchochezi.

3.4 Lugha isiyotambuliwa: Kikamba

Watumiaji wa barua pepe katika kaunti hizi huandika kwa Kiswahili, Kiingereza na Kikamba, mara nyingine katika barua moja. SpamAssassin ina kiungo kiitwacho TextCat, kinachokisia lugha ya barua kwa kulinganisha mifuatano ya herufi, njia iliyoelezwa na Cavnar na Trenkle mwaka wa 1994. Msimamizi akiamua kwamba seva yake ipokee lugha fulani pekee, barua ya lugha nyingine huongezewa alama. Kiswahili kimo katika orodha ya lugha zinazotambuliwa, Kikamba hakimo. Barua ya Kikamba italazimika kufananishwa na lugha nyingine, na matokeo hayatabiriki.

Tatizo la pili ni la herufi. Maandishi sanifu ya Kikamba hutumia irabu ĩ na ũ, kama katika "mũndũ" na "Kĩtui". Herufi hizi hazimo katika ASCII wala katika seti ya ISO 8859-1. Kichwa cha barua pepe kilibuniwa kwa ajili ya ASCII, na mwaka wa 1996 kanuni za MIME zilieleza jinsi ya kusimba herufi nyingine ndani yake. Programu isiyosimba ipasavyo hupeleka herufi hizo zikiwa ghafi, na vichujio vimekuwa na kanuni za kuadhibu kichwa chenye herufi nyingi ghafi, kwa kuwa walaghai nao waliwahi kuzituma hivyo. Matokeo yake ni ya kusikitisha: anayeandika lugha yake kwa usahihi huonekana mshukiwa kuliko anayeacha alama hizo.

4.0 Marekebisho yanayopendekezwa

Kutokana na uchambuzi huu, hatua zifuatazo zinapendekezwa kwa taasisi inayosimamia seva yake, iwe chuo, shule au ofisi ya kaunti.

Kwanza, barua isifutwe kwa hukumu ya kichujio pekee. Barua iliyofikia kizingiti iwekwe kando mahali ambapo mpokeaji anaweza kuikagua.

Pili, pasiwe na kanuni moja ya neno yenye alama za kutosha kuihukumu barua peke yake. Kizingiti kikiwa 5, kanuni ya neno "zawadi" isizidi alama 1. Hukumu itokane na ushahidi unaojumlishwa. Kwa mfano, kitenzi cha kutuma katika maumbo yake ("tuma", "nitumie", "unitumie"), nomino ya pesa na namba ya simu vikipatikana katika sentensi moja, alama ziongezwe. Kimoja kikikosekana, zisiongezwe.

Tatu, kanuni zinase neno kamili wala si mfuatano wa herufi, na pale inapowezekana zitumie uchanganuzi wa mofolojia. Jambo hili si ndoto. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alishughulikia uchanganuzi wa mofolojia ya Kiswahili kwa tarakilishi kuanzia miaka ya 1980, na kazi yake ilionyesha kwamba mashine inaweza kutenganisha "tu-maliz-e" na "tum-a".

Nne, kichujio kifundishwe kwa barua halali za mahali kinapotumika. Sehemu ya uwezekano ya SpamAssassin haianzi kufanya kazi, kwa mpangilio wake wa kawaida, mpaka ipate angalau barua halali 200 na barua taka 200. Tuchukue mfano wa kubuni. Neno "mwingi" limejitokeza katika barua 40 kati ya taka 200, na katika barua 10 kati ya halali 200 zilizokusanywa Nairobi. Viwango ni 0.2 na 0.05, na uwezekano wa taka ni 0.2 ÷ (0.2 + 0.05), yaani 0.8. Tukizidisha upande wa halali kwa 2 kama alivyofanya Graham, tunapata 0.2 ÷ (0.2 + 0.1), yaani takriban 0.67. Sasa tubadilishe barua halali za Nairobi kwa barua halali 200 za ofisi iliyoko Mwingi, ambamo jina la mji limo katika barua 60. Tukizidisha tena kwa 2, uwezekano unakuwa 0.2 ÷ (0.2 + 0.6), yaani 0.25. Neno lilelile lililokuwa ushahidi wa hatia limekuwa ushahidi wa kutokuwa na hatia, na hakuna kanuni iliyobadilishwa. Kilichobadilika ni mashahidi waliosikilizwa.

Tano, watumaji wanaojulikana waidhinishwe. Hatua hii iandamane na uthibitisho wa anwani ya mtumaji, kwa kuwa walaghai huiga anwani za taasisi zinazoaminika.

Sita, lugha isiwe kosa. Seva ya taasisi iliyoko Kitui au Makueni haina sababu ya kuiongezea barua alama kwa kuwa imeandikwa kwa Kiswahili au Kikamba.

Mtumiaji wa Gmail hawezi kugusa alama za kichujio kikuu, lakini anaweza kuunda kichujio chake kwa anwani au maneno anayoyachagua na kuagiza kwamba ujumbe wa aina hiyo usipelekwe kamwe kwenye taka. Anaweza pia kuifungua barua iliyoonewa na kuashiria kwamba si taka. Kukagua kikasha cha taka kila juma, kabla ya siku 30 kutimia, ni desturi inayofaa kufundishwa pamoja na uandishi wa barua pepe darasani.

5.0 Upimaji wa matokeo

Marekebisho yasiyopimwa hayaaminiki. Kipimo kinachotumiwa kwa haraka ni asilimia ya hukumu zilizo sahihi, nacho huficha mengi. Tuseme seva imepokea barua 1,000, ambapo 900 ni taka na 100 ni halali. Kichujio kimeachilia taka 10 na kuonea barua halali 20. Makosa ni 30, na usahihi ni asilimia 97. Msimamizi ataridhika. Hata hivyo, barua halali 20 kati ya 100 zimepotea, yaani moja katika kila tano. Kwa anayesubiri barua, kichujio hicho kimefeli. Kwa hivyo, kosa la kuonea lihesabiwe peke yake, likilinganishwa na jumla ya barua halali. Vilevile, lihesabiwe kwa kila lugha peke yake. Kiwango cha chini kwa barua za Kiingereza kinaweza kuficha kiwango cha juu kwa barua za Kiswahili na Kikamba.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kosa la kuonea barua pepe za Kiswahili lina vyanzo vinavyoelezeka kwa istilahi za kawaida za isimu: mpaka wa mofimu, homonimia, upatanisho wa kisarufi, maana katika muktadha na othografia. Fundi anayeandika kanuni huenda asijue kwamba "Wote kumenyesha" na "Wote wamefika" ni sentensi zenye viima tofauti kabisa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Kiswahili analijua hilo.

Vyuo vilivyo karibu na tatizo vina nafasi ya kuchangia. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichopewa hati mwaka wa 2013, kina makao yake Kwa Vonza, Kitui, na kimekuwa na mabewa katika miji ya Mwingi na Wote. Wanafunzi wa isimu na wa sayansi ya tarakilishi katika vyuo kama hicho wanaweza kukusanya kongoo dogo la barua halali za Kiswahili na Kikamba, kwa idhini ya wenyewe na kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019, wakaanza na barua 200 zinazohitajika. Orodha ya majina ya mahali yaliyo pia maneno, jedwali la maumbo ya vitenzi vinavyotumiwa na walaghai, na vigezo vya kisarufi vya kuvitenganisha ni kazi zinazoweza kufanywa katika muhula mmoja. Kazi hizo zikifika mikononi mwa msimamizi wa seva, mwanafunzi wa Makueni anayesubiri jibu la mfadhili atakuwa na uhakika zaidi kwamba jibu, liwe la kukubaliwa au la kukataliwa, litamfikia.